Mkaguzi wa tovuti wa Rongo na orodha ya akina mama arobaini na mmoja

Saa nne kasorobo asubuhi, Jumanne. Bhoke Nyamohanga anamsukumia simu mwanamke aliyeingia dukani kununua chaja na kumwambia neno moja tu: "Agiza."

"Niagize nini?"

Bhoke ameshaangalia saa yake ya mkononi na sasa anaandika. Kando yake, kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi ananyoosha kidole kumwonyesha mwanamke mahali pa kubonyeza. Bhoke anakishusha kidole hicho kwa kalamu bila kumtazama mwenyewe.

Mwanamke anabonyeza picha ya omena walioanikwa. Picha inakua. Anaibonyeza tena, inarudi ilivyokuwa. Anapandisha ukurasa, anaushusha. Baada ya dakika moja na sekunde arobaini anairudisha simu mezani.

"Hii ni ya kuangalia samaki tu, ama?"

"Kitufe kiko chini kabisa, mathe," kijana anasema.

"Chini wapi? Mimi nilikuja kununua chaja."

Bhoke anaandika sentensi hiyo kama ilivyo.

Hii ndiyo kazi yake. Katika saiba ya Hodan Issack, duka la intaneti na vifaa vya simu kando ya barabara kuu mjini Rongo, Kaunti ya Migori, Bhoke mwenye umri wa miaka 36 amekodi meza moja. Wanaomjia ni watu waliojifunza wenyewe kutengeneza tovuti: wanafunzi wa chuo kikuu, walimu, makarani wa makanisa. Wanamletea kazi, mara nyingi kabla ya kumkabidhi mteja. Yeye huwaambia palipoharibika na namna ya kupatengeneza.

"Watu hufikiri nalipwa kuchukia kazi zao," asema. "Nalipwa kuandika nilichokiona."

Ukurasa wa daftari lake umegawanywa kwa mstari wa wima. Upande wa kushoto kila sentensi huanza na neno "Niliona". Upande wa kulia kila sentensi huanza na "Jaribu". Neno "nadhani" haliruhusiwi. Juu kabisa huandika mambo mawili au matatu ambayo fundi hapaswi kuyagusa.

"Fundi mpya akiumia hufuta hata kile kilichokuwa sawa," aeleza. "Lazima nimwambie aache nini."

Hutoza shilingi 600 kwa tovuti moja na hupata tano au sita kwa wiki. Meza humgharimu 2,500 kwa mwezi. Pengo huzibwa na masomo ya kompyuta anayofundisha Jumamosi.

Gazeti hili lilipitia madaftari yake manne ya mwisho. Yana tovuti 23. Wenye tovuti 19 walirudi na marekebisho. Wanne hawakurudi, na mmoja kati yao amezuia namba ya Bhoke katika simu yake.

Kutoaminiwa si jambo geni kwake. Baadhi ya wateja huleta nusu ya tovuti na kuficha nusu nyingine, wakiogopa atawaibia. Mmoja alikataa kumwachia anwani; alitaka Bhoke akague huku yeye mwenyewe ameishika simu.

"Aibe nini, wallahi?" Hodan adakia kutoka nyuma ya kaunta, bila kuulizwa. "Yale maandishi yanayometameta? Mimi nikiyaona kichwa kinauma."

Bhoke naye hamwamini mtu kirahisi. Ana sababu, na anaitaja kama mtu anayesoma tarehe kwenye kalenda.

Alizaliwa karibu na Kehancha, akasoma diploma ya teknolojia ya habari mjini Migori, na tovuti yake ya kwanza aliitengenezea nyumba ya wageni pale Isibania, mpakani. Ilikuwa na picha zinazopita zenyewe na muziki unaoanza bila kuombwa. Aliionyesha kwa jamaa na marafiki. Wote waliisifu.

Baada ya miezi minane mwenye nyumba alimwuliza kwa nini hakuna hata mgeni mmoja aliyepiga simu. Bhoke aliifungua tovuti na kuipiga namba iliyoandikwa pale. Ilipokelewa na fundi wa pikipiki wa Kitale, ambaye alimweleza kwa hasira kwamba yeye hana vyumba.

"Watu thelathini walinisifu na hakuna aliyeipiga ile namba," asema. "Tangu siku hiyo, mtu akisifu kitu nataka kujua kama amekitumia."

Kijana wa shati lililopigwa pasi anaitwa Wesley Odoyo. Ana miaka 23 na amesafiri karibu saa moja kutoka Homa Bay. Tovuti aliyoileta ni ya Kikundi cha Nyi Nam, yaani mabinti wa ziwa, wanawake 41 wanaokausha na kuuza omena kando ya ziwa. Ni mteja wake wa kwanza anayelipa. Tovuti imekuwa hewani kwa siku tisa.

Bhoke anamsomea daftari kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

"Usiguse picha za vichanja vya kukaushia. Usiguse bei, zinasomeka. Niliona mteja akitafuta pa kuagizia kwa sekunde mia moja. Jaribu kuweka kitufe juu, chini ya picha ya kwanza. Niliona ukurasa ukichukua sekunde kumi na tisa kufunguka. Jaribu kupunguza ukubwa wa picha."

Wesley anaitikia kila sentensi kwa kichwa. Wakati huo anaonekana kuyapokea yote vizuri.

"Niliona ukurasa wa Wanachama," Bhoke anaendelea. "Majina arobaini na moja. Namba ya kitambulisho ya kila mmoja. Namba ya simu. Jina la mrithi, na kama ni mtoto au mume."

"Hiyo ndiyo walipenda kushinda zote!" Wesley anasema.

"Jaribu kuuondoa leo."

"Leo?"

"Kabla hujatoka kwenye hicho kiti."

Wesley hakuuondoa. Alisema hana ruhusa, na katika hilo alisema kweli. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye sahihi na alama za dole gumba za wanachama wote, ikimwagiza aweke orodha nzima. Bhoke aliisoma mara mbili, akaishika kwenye mwanga kuuangalia mhuri.

Ili kuuelewa ukurasa ule, ni lazima kwanza kuujua ukuta wa ofisi ya kikundi.

Ofisi ya Nyi Nam ni chumba cha mabati umbali wa hatua sitini kutoka majini. Ukutani, mkabala na mlango, pamebandikwa orodha iliyopigwa chapa na kufunikwa kwa plastiki: jina, kitambulisho, simu, mrithi. Imekaa pale tangu mwaka 2019, wanachama walipogundua kwamba mgao wao ulikuwa ukienda pia kwa watu tisa wasiokuwapo. Majina hayo hewa yalikuwa yameingizwa na mweka hazina wa wakati huo, ambaye aliondoka kabla hajaulizwa swali la pili.

Tangu hapo kila Alhamisi wanachama husimama mbele ya orodha na kuihakiki. Jina lisilo na kitambulisho si mtu. Jina lisilo na mrithi si mtu. Mwanachama anayetaka chochote kifichwe huulizwa anaficha nini.

Kwa hiyo Wesley alipowauliza wanataka tovuti yao iwe na nini, walimwonyesha ukuta.

"Tulitaka hata aliye Nairobi aone hapa hakuna wizi," asema Liz Akoko, mwenyekiti, mwenye umri wa miaka 58. "Mtu anayetaka orodha ishuke, sisi tunamjua ni mtu wa aina gani. Tulishaishi naye."

Jioni ile Wesley alipompelekea ujumbe wa Bhoke, Liz hakuuliza kuhusu sekunde mia moja wala ukubwa wa picha. Aliuliza maswali matatu: huyo mwanamke wa Rongo ni nani, anamjua nani hapa, na nani amemtuma.

Kufikia Alhamisi ilikuwa ikisemwa sokoni kwamba Bhoke ni shemeji wa mweka hazina wa zamani. Si kweli. Gazeti hili halikupata uhusiano wowote kati yao. Lakini mafundi wawili wa Homa Bay waliokuwa wamepanga kumletea kazi waliahirisha, na mmoja alimwandikia ujumbe wa maneno manne: "Ngoja kwanza maneno yapoe."

Bhoke alikuwa na jambo jingine lililomkosesha raha. Alimtaka Wesley ampe takwimu za wageni wa tovuti. Katika siku zile tisa, ukurasa wa kuagizia ulikuwa umefunguliwa mara 27. Ukurasa wa Wanachama ulikuwa umefunguliwa mara 318.

"Ni wao wenyewe wanajiangalia majina," Wesley alimwambia.

"Wenye simu za kufungua tovuti ni wangapi?"

Wesley alihesabu. Walikuwa kumi na wanne. Hata kila mmoja wao angeufungua ukurasa mara mbili kila siku, ingekuwa mara 252.

"Na hizo sitini na sita?" Bhoke aliuliza.

Kwa maelezo ya Wesley mwenyewe, hapo ndipo alipoanza kuhisi kwamba Bhoke anamshuku yeye. Hakukosea.

"Nilimwuliza kama amebaki na nakala ya orodha katika simu yake," Bhoke asema. "Alikuwa nayo. Nilimwambia aifute nikiangalia. Alininunia siku mbili."

Kikundi kilimwita Bhoke Alhamisi iliyofuata. Si kwa mwaliko. Ujumbe ulisema aje "ajieleze". Tovuti ilikuwa bado hewani, orodha ikiwa ndani yake, siku ya kumi na nane.

Kabla ya kuondoka Rongo alimwomba Hodan kitu kimoja. Hodan alikataa.

"Dada, mimi nina duka. Nisije nikaitwa mwizi kwa sababu yako."

"Mwenyekiti ndiye atatoa ruhusa. Utamsikia kwa sauti yake."

"Na akikataa?"

"Basi hutapiga."

Mkutano ulifanyika ndani ya ofisi. Wanawake 34 walihudhuria. Bhoke hakupewa kiti. Liz alifungua kwa kumuuliza kwa Kiswahili, ili asiseme hakuelewa, ila alimwita binti wa Wakuria kwa Kijaluo.

"Nyar Kuria, unataka tufiche nini?"

"Namba za vitambulisho, namba za simu na majina ya watoto wenu."

"Nani asiyaone?"

"Mtu msiyemjua."

"Wewe ndiye tusiyemjua," alisema mwanamke mmoja karibu na dirisha, na chumba kizima kikacheka.

Bhoke aliwaambia wafanye jaribio badala ya kumwamini. Alimwomba Liz achague mwanachama yeyote aliyemo chumbani. Mtu aliye Rongo, ambaye hajawahi kukutana na yeyote kati yao, angempigia simu akiwa na tovuti tu mbele yake. Liz alikubali kwa sharti kwamba mteule asiambiwe, na yeye mwenyewe asiwe huyo mteule. Alimpa Hodan ruhusa hiyo kwa simu, akiwa nje, mlango umefungwa. Chaguo lake lilikuwa Peres Apondi, mwenye umri wa miaka 63, mwanachama tangu kikundi kianze na mkali kuliko wote katika kuhakiki orodha.

Dakika kumi baadaye, mwanachama mmoja akiwa anazungumzia bei ya chumvi, simu ya Peres iliita. Aliipokea kama anavyopokea zote, kwa kipaza sauti, kwa kuwa sikio lake moja ni zito.

"Habari, mama Peres," sauti ya Hodan ilisema, laini kuliko inavyojulikana Rongo. "Napiga kuhusu kitambulisho chako." Akakitaja, tarakimu zote nane. "Mrithi wako ni Caleb, mtoto wako wa kiume, si ndiyo?"

"Ndiyo, ndiyo. Caleb amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, mama. Kuna pesa zake zimekwama kwa jina lako. Nikuachilie zitoke?"

"Achilia, nyathina, mwanangu."

"Haya. Nithibitishie ni wewe. Ile namba yako ya siri ya simu, zile tarakimu nne."

"Moja," alisema Peres. "Tisa—"

Bhoke alikuwa ameshaifikia simu na kuikata.

Peres aliitazama simu, kisha akamtazama Bhoke, kisha ukuta.

"Amejuaje Caleb?" aliuliza.

"Amesoma," alisema Bhoke. "Kila kitu alichosema kiko kwenye ukurasa wenu."

Liz aliuliza kama kuna mwingine aliyepokea simu ya namna hiyo. Mkono mmoja uliinuka polepole. Kisha wa pili. Wa tatu ulikuwa wa Metrine Nekesa, mweka hazina wa sasa, ambaye alikuwa amebadilisha laini wiki iliyotangulia na kuwaambia wenzake kwamba simu yake ilianguka majini. Hakuwa amepoteza pesa yoyote. Lakini mpigaji alimtaja binti yake kwa jina, na kwa siku tatu hakulala vizuri.

"Mbona hukusema?" Liz alimuuliza.

"Niseme nini, mama? Mweka hazina aseme anapigiwa simu za pesa na watu asiowajua? Hapa?"

Hilo halikuhitaji maelezo katika chumba kile.

Mtu angetegemea kwamba hapo Bhoke angeshukuriwa. Mwanamke wa karibu na dirisha alisimama.

"Sasa mimi nauliza. Kama huyu na rafiki yake wameweza kumpigia Peres leo, nani anatuambia si wao waliowapigia hawa watatu?"

Wengi waliitikia. Ni swali la haki, na Bhoke asema alilitarajia. Aliwajibu kwamba hana uthibitisho. Aliongeza kwamba hata yeye hawezi kusema kwa hakika kuwa simu zile tatu zilitokana na tovuti: namba zao ziko pia ukutani, katika orodha za michango ya matanga na katika makundi ya simu. Alichokiona ni ukurasa uliofunguliwa mara 318, na mama mmoja aliyefika tarakimu ya pili.

Jibu hilo halikuonekana kumsaidia. Lakini huenda ndilo lililomaliza ubishi, kwa sababu baada yake Peres alisimama na kusema kwamba mtu anayedanganya angekuwa na jibu zuri zaidi.

"Toa," alimwambia Wesley, aliyekuwa karibu na mlango. "Lakini toa hapa, tukiona."

Wesley aliweka kompyuta yake juu ya gunia la chumvi. Wanawake 34 walipita mmoja mmoja kuutazama ukurasa ukiwapo, kisha wakapita tena kuutazama ukiwa haupo. Wale kumi na wanne wenye simu waliujaribu wenyewe. Shughuli nzima ilichukua saa moja na dakika ishirini. Mahali pake paliwekwa sentensi aliyoitunga Liz: kikundi kina wanachama arobaini na mmoja, na anayetaka kuhakikisha aje ofisini Alhamisi, orodha iko ukutani.

Bhoke alikuwa na la kusema hata kuhusu ukuta. Liz alimkatiza.

"Ukuta ni wetu. Huo hujaitwa kuukagua."

Waliojificha nyuma ya zile mara sitini na sita hawajajulikana. Liz aliripoti simu zile tatu kituo cha polisi, akaandikisha taarifa. Wesley amehamisha kitufe cha kuagizia hadi juu, na asema oda zimeanza kuingia, tatu au nne kwa wiki. Huyo fundi wa "ngoja kwanza" amemletea Bhoke tovuti ya kanisa. Imejaa maandishi yanayometameta.

Siku ile ofisini, kabla ya kuondoka, Bhoke aliambiwa atie sahihi daftari la wageni lililo juu ya meza mlangoni. Lina safu nne: jina, atokako, namba ya simu, namba ya kitambulisho. Aliandika mbili za kwanza na kuweka kalamu chini.

"Hapo umeacha," alisema Liz.

"Niliona wageni sitini na wawili juu ya jina langu," Bhoke alisema. "Nimeshazisoma namba za watano nikiwa nimesimama tu."

Liz alilifunga daftari, akalitia kwapani na kumsindikiza hadi barabarani akiwa nalo.

Sasa Bhoke ana mpango. Anataka kuanzisha siku moja kwa mwezi mjini Homa Bay, mafundi wapya wakutane na kukaguana wao kwa wao, kwa daftari lenye pande mbili, mbele ya watu watakaotumia tovuti hizo hasa. Wesley atasimamia. Tovuti ya kwanza kurudiwa ni ya Nyi Nam. Kikundi kimekubali ikaguliwe kila baada ya miezi mitatu.

Alipoulizwa kama atawapigia simu kuwakumbusha tarehe, alitabasamu kwa mara ya kwanza katika mazungumzo ya siku mbili.

"Siwezi. Mwenyekiti amewaambia wote: mtu akipiga akisema yeye ni Bhoke wa Rongo, wakate simu hapo hapo." Alifungua ukurasa mpya na kuchora mstari wa wima. "Nilijaribu wiki jana. Niliwapigia wanne. Wote walikata."